Msamaha tunaoudai kwa aliyeumizwa, na toba tusiyoidai kwa aliyeumiza

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo nimeliona likijirudia katika makanisa yetu kwa miaka mingi, bila kujali dhehebu. Mtu anapodhulumiwa na mwenzake katika imani, mzigo wote wa kiroho huhamishiwa kwake yeye aliyedhulumiwa. Ataulizwa kama amesamehe, kama ameachilia, kama moyo wake uko safi mbele za Mungu, na ataulizwa tena Jumapili inayofuata. Aliyetenda kosa haulizwi mengi. Akisema neno "samahani" mbele ya wazee wawili, shauri limekwisha. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba Mkristo ameagizwa kusamehe, na kwamba agizo hilo halina njia ya kulikwepa. Ninachokipinga ni kulitumia agizo hilo kufunika dhuluma, kwa sababu ninavyoyasoma Maandiko, msamaha, toba, malipo ya kilichoharibiwa na kurudishiana imani ni mambo manne yanayohusiana lakini hayafanyiki kwa tendo moja, wala si yote yaliyo mikononi mwa aliyeumizwa.

Nitoe mfano mmoja, bila kutaja mtu wala mahali. Nilimsindikiza mama mmoja mjane kwenye kikao cha usuluhishi katika ofisi ya kanisa, baada ya ibada ya pili. Alikuwa amekuja na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi: mkataba wa mauziano wa kiwanja alichonunua marehemu mumewe, stakabadhi za malipo, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Shemeji yake, mwimbaji wa kwaya na mtu anayeheshimika, alikuwa amekiuza kiwanja hicho hata arobaini ya marehemu haijafika. Mwenyekiti wa kikao alifungua kwa Waefeso 4:32, akaeleza vizuri sana kuhusu kusameheana kama Mungu katika Kristo alivyotusamehe sisi, kisha akamtaka shemeji aombe radhi. Akaomba radhi, kwa maneno ya jumla, "kwa lolote lile lililomkwaza shemeji yangu". Wakashikana mikono, tukaombewa, soda zikaletwa. Ule mfuko wa nailoni haukufunguliwa. Tangu siku hiyo, kila mama yule alipolitaja suala la kiwanja aliambiwa kwamba bado ana uchungu moyoni na kwamba anahitaji maombi.

Najiuliza wazee wale wangefanya nini iwapo Zakayo angekuwa mshirika wao. Katika Luka 19:8 Zakayo hakuambiwa na mtu arudishe. Alisimama mwenyewe akasema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Ni baada ya maneno hayo ndipo Bwana anasema kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo. Katika kikao chetu wokovu ulitangazwa kabla ya hesabu.

Sehemu ya Maandiko iliyonisaidia zaidi kuliko nyingine yoyote katika jambo hili ni sura ambayo huwa haihubiriwi tunapozungumzia msamaha, nayo ni 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni Rumi, anajua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, na katika sura hiyo moja anawataja watu waliomkosea kwa namna tatu tofauti. Yupo Marko, yule aliyewaacha huko Pamfilia na kurudi Yerusalemu (Matendo 13:13), akasababisha Paulo na Barnaba kushindana hata wakatengana. Miaka imepita, Marko amethibitika katika kazi, katika Wakolosai 4:10 Paulo ameshaagiza kwamba akifika apokelewe, na sasa anamwambia Timotheo amlete Marko "maana anifaa kwa utumishi". Uhusiano umerudi wote, pamoja na kazi. Wapo pili wale ambao hawakusimama upande wake siku ya jawabu lake la kwanza, wote wakamwacha. Juu yao anaomba "wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo". Anawasamehe bila kutueleza kama waliwahi kurudi kumwomba radhi. Na yupo Iskanda mfua shaba, aliyemwonyesha ubaya mwingi. Juu yake Paulo anasema kwamba Bwana atamlipa kwa kadiri ya matendo yake, kisha anamwonya Timotheo ajihadhari naye.

Ndugu zangu, aliyeandika maneno hayo matatu ni mtu mmoja, kwa kalamu moja, akiwa karibu na kifo. Hakuna anayeweza kusema kwamba Paulo alimsamehe Marko lakini akashindwa kuwa Mkristo alipofika kwa Iskanda. Kisasi juu ya Iskanda amekiacha mikononi mwa Mungu kabisa, kama yeye mwenyewe alivyowafundisha Warumi (12:19), lakini hajamwambia Timotheo amkaribishe nyumbani. Amelitaja jina lake, ameutaja ubaya wake, na ametoa tahadhari. Leo mama akimwonya binti yake kuhusu mtu fulani kanisani aliyemdhulumu, tunamwambia anasengenya na kwamba hajaachilia.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mawazo mapya, yaliyoletwa na vitabu vya saikolojia. Napenda kuwakumbusha historia yetu wenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo moja ambalo hata wasioamini walilishuhudia: watu waliookoka walirudisha vitu. Walirudisha mali waliyoiba kwa waajiri, walilipa madeni ya zamani, walikwenda kwa majirani waliowachukia na kukiri chuki yao kwa kuitaja. Ndugu wa uamsho waliita kukaa hivyo kutembea nuruni, wakitegemea 1 Yohana 1:7. Toba isiyotaja kosa na isiyogusa kilichochukuliwa haikuwaridhisha, na wazee wetu waliolelewa katika mikutano ile wanajua kwamba sisemi uongo.

Mmoja wa matunda ya uamsho huo ni Festo Kivengere, ambaye wengine humkumbuka kwa sababu alifundisha shule Dodoma kabla ya kuwa Askofu wa Anglikana wa Kigezi mwaka 1972. Baada ya kuokoka alisafiri mwendo mrefu kwa baiskeli kwenda kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia, ili akakiri chuki hiyo na kuomba radhi. Nataka tumwangalie vizuri mtu huyu, kwa sababu jina lake hutumika sana katika mahubiri ya msamaha, na mara nyingi nusu ya habari yake huachwa.

Idi Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971. Februari 1973 wanaume watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, na Kivengere alikuwa miongoni mwa watumishi walioruhusiwa kuzungumza nao dakika za mwisho. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na upekuzi wa nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Siku chache baadaye, tarehe 16, Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni aliona moyo wake unakuwa mgumu juu ya Amin, na siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, maneno ya Bwana msalabani yalimshinda; akatubu chuki yake, na mwaka huohuo akatangaza kwa maandishi, mbele ya dunia nzima, kwamba anampenda Amin.

Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Lakini askofu huyo huyo aliyemsamehe Amin hakuacha kueleza duniani kote kilichokuwa kikitendeka Uganda, alihangaikia wakimbizi waliokimbia utawala ule, wala hakurudi kujiweka mikononi mwa mtu yule ili kuonyesha kwamba amesamehe. Alirudi mwaka 1979, Amin alipokwisha kuanguka. Msamaha wake uliondoa chuki na haukuondoa ushahidi. Wale wanaomtumia kuwanyamazisha waliodhulumiwa hawamtendei haki.

Sasa nirudi kwenye moyo wa aliyeumizwa, kwa sababu nisingependa mtu asome hadi hapa akafikiri kwamba nampa ruhusa ya kukaa na kinyongo chake hadi atakapolipwa. Mkosaji anaweza asitubu kamwe. Kama amani yangu inangoja toba yake, basi nimemfanya yeye kuwa bwana wa nafsi yangu mara ya pili. Kuachilia, kwa jinsi ninavyoelewa, ni kuiondoa hukumu mkononi mwangu na kumkabidhi Mungu, pamoja na ile furaha ya siri tunayokuwa nayo tunapowaza adui yetu akianguka. Jambo hilo linawezekana hata kabla mkosaji hajatubu, na kwa kawaida haliishi kwa sala moja. Unasamehe Jumatatu kwa machozi ya kweli, na Alhamisi unamwona sokoni, kifua kinabana na hasira inakurudia. Hasira hiyo haimaanishi kwamba ulidanganya Jumatatu. "Mwe na hasira, ila msitende dhambi," ndivyo Waefeso 4:26 inavyosema, na aya chache mbele inaagiza uchungu wote na ghadhabu viondoke kwetu. Ni kama kuchimba kisiki shambani: mti ulikwisha kuanguka siku moja, lakini mizizi unaifuata msimu hadi msimu. Alama ambayo mimi huitegemea kuliko machozi ni hii, kwamba mtu ameanza kuweza kumwombea mkosaji wake kwa jina, akimtakia atubu na aishi, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 5:44.

Na hapa niseme neno kwa watumishi wanaowaambia wagonjwa kwamba hawaponi kwa sababu hawajasamehe. Mnamtwisha mtu anayeumwa hatia ya kuumwa kwake. Ayubu aliwaombea rafiki zake, ni kweli, na Bwana akaugeuza uteka wake (Ayubu 42:10). Lakini someni aya tatu zilizotangulia, mtaona kwamba waliokemewa na Mungu na kutakiwa kutoa sadaka ya kuteketezwa ni wale rafiki, waliotumia sura nyingi kumweleza mgonjwa kwamba mateso yake yanatokana na dhambi yake.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza: Mtumishi, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, ila naona unaweka masharti mahali ambapo Bwana hakuweka. Petro alipouliza kama asamehe mara saba, alijibiwa saba mara sabini. Na msalabani Yesu hakungoja askari watubu, wala hakudai fidia. Alisema, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Je, sisi ni nani hata tudai zaidi?

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, asante kwa kuuliza kwa upole. Tuanze na Mathayo 18, kwa kuwa umeitaja. Swali la Petro liko katika aya ya 21. Aya ya 15 hadi ya 17, katika mazungumzo hayohayo, Bwana ameagiza kwamba ndugu yako akikukosa uende ukamwonye ninyi wawili tu, asiposikia uchukue pamoja nawe mtu mmoja au wawili, asiposikia uliambie kanisa. Kwa hiyo aliyeagiza tusamehe bila hesabu ndiye aliyeagiza kwanza kosa litajwe, lithibitishwe na mashahidi, na lifike kanisani kama ikibidi. Makanisa yetu yamelishika agizo la pili na kulisahau la kwanza.

Kisha ukisoma mfano unaofuata, wa mtumwa mwenye deni la talanta elfu kumi, utaona ukubwa wa neema na wakati huohuo ukweli wa hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama inavyoonekana katika Mathayo 20, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Mtumwa yule alisamehewa deni la siku za kazi zipatazo 60,000,000, akaenda kumkaba koo mwenzake kwa deni la siku 100. Nakiri kwamba mfano huu unanitisha, na kwamba hakuna dhuluma niliyotendewa itakayowahi kufikia kiasi nilichosamehewa mimi. Lakini angalia pia kwamba mfalme hakusema deni halikuwepo. Hesabu ilifanywa, deni likatajwa kiasi chake, ndipo likasamehewa. Hata zile dinari 100 zilikuwa deni la kweli.

Kuhusu msalaba, sala ile ya Bwana ni takatifu na Stefano aliifuata akipigwa mawe. Sipunguzi neno hata moja. Naomba tu tuvuke hadi siku ya Pentekoste, katika mji uleule. Petro anasimama na kuwaambia kwamba Yesu huyo "mliyemsulibisha" Mungu amemfanya kuwa Bwana na Kristo. Wakachomwa mioyo, wakauliza watende nini, na jibu lilikuwa, "Tubuni" (Matendo 2:36-38). Msamaha ulikwisha kuombwa juu yao. Mlango ulikuwa wazi, nao waliuingia kwa kuambiwa ukweli wa walichokitenda. Kama mitume wangeona kwamba sala ile ya msalabani imefunga mjadala, mahubiri yale yasingekuwepo. Shemeji niliyemtaja alihitaji kuhubiriwa hivyo, na alinyimwa.

Mchangiaji wa pili: Shikamoo baba. Mimi ni mama wa watoto, sitaeleza mengi. Mume wangu ananipiga, na kila mara baadaye analia na kuomba msamaha kwa kupiga magoti, na ninaamini anamaanisha. Nimekimbilia kwa mama yangu. Mchungaji ananiambia nimesamehe kwa mdomo tu, kwamba ningekuwa nimesamehe kweli ningerudi. Ninaogopa kuwa namkosea Mungu.

Mwanzisha uzi: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nitakujibu kwa Biblia kwanza, kwa sababu umefungwa kwa Biblia.

Fungua 1 Samweli 26. Sauli amemwinda Daudi muda mrefu, na Daudi anapata nafasi ya pili ya kumwua, ambayo haitumii. Amemsamehe, mkuki wa mfalme uko mkononi mwake na hajautumia. Sauli anaposikia sauti yake anakiri kwamba amekosa, anamwita mwanangu, anamwomba arudi, na anamwahidi kwamba hatamdhuru tena. Sidhani kwamba Sauli alikuwa anadanganya dakika ile. Katika sura ya 24 alilia machozi kwa sauti. Sasa tazama alichofanya Daudi. Hakuvuka kwenda kumrudishia mkuki kwa mkono wake. Alisema kijana mmoja aje auchukue. Aya ya mwisho inasema kwamba Daudi akaenda zake, na Sauli akarudi mahali pake, na mwanzoni mwa sura ya 27 Daudi anahamia nchi ya Wafilisti ili Sauli asimfikie. Mtu aliyeupendeza moyo wa Mungu alisamehe mara mbili na hakurudi nyumbani kwa Sauli hata mara moja, kwa sababu alikwisha kuona kwamba machozi ya mfalme yalikuwa ya kweli na mkono wake ulikuwa vilevile.

Kwa hiyo humkosei Mungu kwa kukaa kwa mama yako. Unaweza kuwa umeachilia kabisa, unamwombea mumeo kila jioni, na bado usirudi hadi mabadiliko yaonekane kwa muda mrefu na yathibitishwe na watu wasiomwogopa. Tena kama unaishi Tanzania, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na kama una majeraha yaandikwe hospitalini. Usifikiri kwamba kwenda polisi ni kuvunja msamaha. Paulo na Sila walipopigwa Filipi bila kuhukumiwa, wakuu wakataka kuwatoa kwa siri, Paulo alikataa. Aliwataka waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Wakati huo alikuwa ameshambatiza mlinzi wa gereza na kula mezani pake. Mchungaji wako akisisitiza, mwombe aje na mkewe na mzee mmoja wa kanisa waketi na mama yako, na mmwombe aeleze kwanza yeye amemwambia nini mumeo.

Mchangiaji wa tatu: Aliyenikosea ni baba yangu mzazi, na amekwisha kufariki. Hakuwahi kuomba radhi. Mwezi ujao familia inafanya ibada ya shukrani na wamenichagua nisome wasifu wa marehemu. Nitasamehe vipi mtu ambaye hawezi tena kunisikia, na nitasimamaje kusoma sifa ambazo najua si za kweli?

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, upatanisho na baba yako hauwezekani tena duniani, na hilo ni msiba wa pili unaostahili kuliliwa wenyewe, tofauti na msiba wa kifo chake. Msamaha kwa upande wako bado unawezekana, kwa kuwa hauhitaji masikio yake. Mwambie Mungu alichokutendea, kwa kukitaja, kama watunga Zaburi walivyotaja bila kupamba, na umwambie kwamba hukumu yake unamwachia. Mpate na mtu mmoja mwenye kutunza siri akusikilize, kwa kuwa mambo ya namna hii yakikaa kifuani peke yake huota upya.

Kuhusu wasifu, nirudi kwa Daudi. Sauli alipokufa, Daudi aliyewindwa alimtungia maombolezo (2 Samweli 1). Yasome yote. Alitaja ushujaa wa Sauli vitani, na alitaja kwamba aliwavika binti za Israeli mavazi mekundu, na mambo hayo yalikuwa kweli. Hakusema kwamba Sauli alikuwa baba mwema kwake. Wewe pia unaweza kusoma tarehe ya kuzaliwa kwake, kazi aliyofanya, watu aliowasomesha kama wapo, na ukaishia hapo. Kama hata hilo ni zito, una haki ya kumwomba ndugu mwingine asome, nawe ukaketi katikati ya familia. Wakikuuliza kwa nini wasifu ni mfupi, jibu kwa kadiri utakavyoweza siku hiyo. Mengine yanaweza kusubiri kikao cha familia, siku ambayo hakuna wageni wala maturubai uwanjani.